Ugenini na Watu wa Mtaani: Maswali ya Wasomaji

Barua nyingi za safari hii zimetoka Dodoma na mikoa ya jirani, kwa watu wanaojiandaa kusafiri nje ya nchi: wafanyabiashara, wanaouguza, wanafunzi, wazazi wanaokwenda kuwaona watoto wao. Mambo ya viza na tiketi wengi wameshayamaliza. Wanachouliza ni namna ya kuelewana na dereva, muuza duka na mpita njia katika mji ambao hawana ndugu wala jirani. Tumechagua saba.

Nauza nguo za kike hapa Majengo. Mwaka huu nataka kwenda Guangzhou mwenyewe, nimechoka kuagiza kupitia mtu. Kichina sijui hata neno moja na Kiingereza changu ni cha kubahatisha. Nitaelewana vipi na wauzaji? Na wenye teksi je?
*Mama muuza nguo, Majengo, Dodoma*

Mama, wauzaji wengi wa kule nao Kiingereza chao ni cha kubahatisha, kwa hiyo hapo mko sawa. Biashara inafanyika kwenye kalkuleta. Muuzaji anaandika bei anakugeuzia, wewe unafuta unaandika yako, mnarudishiana hivyo mpaka mkubaliane. Shida huanza pale kalkuleta inapowekwa pembeni na vidole vikaanza kuzungumza, kwa sababu Wachina huhesabu moja hadi kumi kwa mkono mmoja. Moja hadi tano hakuna tatizo. Sita ni kidole gumba na kidole cha mwisho vikiwa vimenyooka, vitatu vya kati vimekunjwa. Saba ni ncha za gumba, shahada na kidole cha kati zikiwa zimekutana. Nane ni gumba na shahada vimenyooka. Tisa ni shahada iliyopindwa mithili ya ndoano. Kumi ni ngumi, au shahada mbili zilizopishanishwa. Sasa itazame vizuri hiyo sita na hiyo nane: zote mbili zina vidole viwili vilivyosimama. Mtu anaonyeshwa yuan 68, yeye anasoma 22, anachagua mzigo kwa furaha, halafu kwenye malipo panazuka ugomvi ambao hakuna aliyeukusudia. Jizoeze nyumbani mbele ya kioo. Ukiwa na shaka hata kidogo, mrudishie kalkuleta aandike.

Masoko yamegawanyika kwa bidhaa. Nguo za kike za jumla ziko Shisanhang na Baima, vitambaa viko Zhongda, mabegi Guihuagang. Shisanhang huanza asubuhi na mapema, kwa hiyo wahi. Salamu zifupishe. Sisi tumezoea kuulizana habari za nyumbani, za watoto na za mvua kabla ya kutaja shida, lakini muuzaji wa jumla mwenye foleni atakuona unamchelewesha. “Ni hao”, yaani habari kwa Kichina, inatosha, kisha gusa nguo unayoitaka na unyooshe kalkuleta.

Swali lake la kwanza litakuwa idadi, kwa sababu bei inategemea unachukua ngapi. Nenda ukiwa na namba zako tayari: pisi moja ya sampuli, pisi 50, pisi 200. Muulize bei ya kila kiwango. Usitaje 200 kwa lengo la kupata bei nzuri halafu ukachukua 20, kwani ataipandisha palepale na hatakuamini tena siku utakaporudi. Na bei uliyoiandika wewe mwenyewe kwenye kalkuleta, naye akaikubali, hiyo ni ahadi. Kuondoka baada ya hapo kunamfedhehesha mbele ya wenzake. Kama bado unazunguka kulinganisha, usiandike namba yoyote. Omba kadi yake ya biashara, ipokee kwa mikono miwili, uondoke.

Kabla ya kupiga picha ya nguo, inua simu kidogo na usubiri aitikie kwa kichwa. Wengi wanahofia mishono yao kuigwa na watu wa viwanda vingine, na mgeni anayepiga picha kimyakimya anafukuzwa dukani. Saa za adhuhuri utawakuta wengine wamelala, kichwa kimeegemea meza. Usimwamshe mtu. Nenda ukale, rudi baadaye.

Mkishaelewana, karatasi ya oda iandikwe namba ya bidhaa, rangi, saizi, idadi, bei, kiasi cha arubuni na siku ya kukamilika. Arubuni ya asilimia 30 ni ya kawaida, iliyobaki unalipa mzigo ukiwa tayari na umeshaukagua. Kinachoharibika mara nyingi ni rangi. “Buluu” iliyoandikwa kwenye oda inaweza kuja ya namna yoyote. Chukua kipande cha kitambaa chenyewe, kigawe mara mbili, kimoja kibanwe kwenye oda yake na kingine ubaki nacho. Piga picha karatasi hiyo huku namba ya kibanda ikionekana nyuma, maana vibanda ni vingi na vinafanana.

Kwenye malipo, mtaani watu wanatumia simu, Alipay na WeChat. Alipay inakubali kadi ya benki ya kigeni ya Visa au Mastercard, lakini kadi hiyo inalipa kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa tu, haitumi pesa kwa mtu binafsi. Ndiyo maana malipo kwa muuza matunda wa pembeni yanaweza kukataa ingawa hotelini yalipita. Weka noti za yuan 10 na 20 mfukoni kwa ajili yake. WeChat inaweza kudai mtu mwenye akaunti ya siku nyingi akuthibitishe, kwa hiyo fungua akaunti ukiwa bado Dodoma, ambako ujumbe wa uthibitisho unaingia kwenye laini yako bila taabu na ambako hukosi mfanyabiashara mwenzako anayeitumia.

Dereva wa teksi hasomi herufi zetu. Ukifika hotelini, omba mapokezi kadi yenye anwani kwa Kichina, na kila soko unalokwenda waombe wakuandikie kwa maandishi makubwa kwenye karatasi. Karatasi, Mama, kwa sababu simu huisha chaji saa ileile unayoihitaji. Angalia mita inawashwa, na mwisho wa safari dai risiti: ina namba ya gari, na ukisahau begi ndiyo njia ya kulipata.

Eneo la Xiaobei Waafrika wamekuwapo miaka mingi na hutakosa chakula cha kukufaa. Hapo pia atakuja mtu wa kujitolea kukutafsiria. Wapo wazuri sana, lakini kwanza patana naye malipo ya siku nzima, kisha kalkuleta ishike wewe. Anayeng'ang'ania kuongea bei peke yake pembeni na muuzaji huenda analipwa na pande zote mbili, na fedha hiyo inatoka kwenye mzigo wako.

La mwisho kwako: utatazamwa, na wengine wataomba kupiga picha nawe, pengine hata kugusa nywele. Mara nyingi ni ushamba tu, hawana nia mbaya. Ukiridhia, tabasamu, yaishe. Usiporidhia, punga kiganja wazi kulia na kushoto mbele ya kifua. Kule hiyo ni hapana kamili, na haimuudhi mtu.

Tunampeleka mama yetu Chennai, India, kwa matibabu. Mimi ndiye nitakayekaa naye, huenda wiki kadhaa. Nimeambiwa watu wa huko wanatikisa kichwa hujui wamekubali au wamekataa, na kwamba madereva wa bajaji ni wajanja. Nijiandaeje?
*Binti anayeuguza, Kisasa, Dodoma*

Pole kwa kuuguza, dada. Kichwa kinachoyumba taratibu kutoka bega hadi bega maana yake ni ndiyo, au nimekusikia, au sawa tu. Kukataa ni kutikisa kwa kawaida, kushoto na kulia. Ukishalijua hilo nusu ya hofu imeisha. Ila kuna “ndiyo” ya aina nyingine inayowapoteza wageni zaidi kuliko kichwa: ya kuelekezwa njia. Ukimuuliza mpita njia “Hospitali ni huku?” huku unanyoosha kidole, atakujibu ndiyo, kwa sababu kumwambia mgeni “sijui” au “umekosea” anaona ni kumvunja moyo. Sisi wa Dodoma hatuna cha kuwalaumu, maana “ni hapo tu” yetu inaweza kuwa kilomita sita. Kwa hiyo usimpe jibu ndani ya swali. Uliza “Hospitali iko wapi?” bila kunyoosha mkono, kisha tembea kidogo uulize mwingine. Wawili wakipatana, nenda.

Chennai wanazungumza Kitamil. Kihindi ulichokiokota kwenye filamu hakikusaidii sana, na wapo wasiopenda kusemeshwa hicho. Salamu ni “vanakkam”, viganja vikiwa vimekutana kifuani, na inamfaa kila mtu, mwanamume kwa mwanamke, kwa hiyo usihangaike na kupeana mkono. Dereva, mlinzi au muuza chai mwite “anna”, kaka. Mama mfagiaji au muuza maua mwite “akka”, dada. Wauguzi wa kike wanaitwa sista, kama kwetu. Mtu akiitwa kwa heshima ya undugu hata sauti yake hubadilika, hilo halihitaji kufundishwa mtoto wa Kitanzania.

Utaulizwa umeolewa, una watoto wangapi, baba anafanya kazi gani, mgonjwa anaumwa nini. Ni mazungumzo ya kawaida ya wodini na kwenye benchi za kusubiri, na mara nyingi baada ya maswali hayo ndipo mtu anakuonyesha duka la dawa lililo wazi usiku au anakumegea chakula. Jibu unachotaka kujibu. Ugonjwa wa mama huna lazima ya kuueleza: “anaendelea vizuri, asante” inatosha. Chakula pokea na kula kwa mkono wa kulia. Utawaona wanakunywa maji kwa kumimina mdomoni bila chupa kugusa midomo. Ukipewa chupa ya mtu, nawe fanya hivyo.

Sasa bajaji. Uwanja wa ndege tafuta kaunta ya teksi za kulipia kabla: unataja unakokwenda, unalipa pale, unapewa karatasi. Karatasi hiyo ndiyo malipo ya dereva. Mpe mkishafika mlangoni na mizigo imeshuka, si kabla. Mjini, madereva wengi wa bajaji Chennai hawataki mita, hivyo bei mpatane kabla ya mama kukaa. Mgonjwa akishaketi huna tena nguvu ya kukataa, na dereva anajua. Kujua bei ya haki, fungua Uber au Ola uone inataja kiasi gani kwa safari hiyo, kisha patana ukizunguka hapohapo. Ukiita gari kwa programu, dereva atakuomba tarakimu nne zinazotokea kwenye simu yako ndipo aanze safari. Mtajie yeye tu aliyefika, baada ya kulinganisha namba ya gari. Mtu anayekupigia simu akizitaka kabla hajafika, kataa.

Dukani, bidhaa za pakiti zimechapwa herufi MRP na bei. Hiyo ni bei ya juu kabisa kisheria, kodi ikiwamo. Huna haja ya kuomba upunguziwe biskuti, lakini muuzaji akitaja zaidi ya ilivyoandikwa, weka kidole kwenye namba hiyo bila maneno. Kagua chenji pia, kwa sababu noti iliyochanika utakayopewa na mmoja itakataliwa na wote wanaofuata.

Bili za hospitali zisome polepole. Wahindi wanasema laki kama sisi, elfu mia moja, lakini mkato wanauweka pengine: 2,50,000 ni laki mbili na nusu. Mtu mwenye mawazo ya mgonjwa anaweza kuisoma elfu ishirini na tano, au akaogopa ni milioni mbili na nusu. Na nje ya geti la hospitali akitokea mtu anayejua “hospitali nzuri zaidi, nafuu zaidi” au nyumba ya kupanga, mshukuru, pita. Ya kupanga waulize wanaouguza wenzako wodini, ambao wanalipa kodi hiyo mwezi huu.

Mimi ni mwanafunzi hapa UDOM. Nitapita Addis Ababa na kulala siku moja njiani. Nataka kuuona mji na kukutana na watu, si kukaa hotelini. Nizingatie nini?
*Mwanafunzi, Dodoma*

Saa. Waethiopia wanahesabu saa kama sisi: jua likichomoza siku imeanza, saa mbili asubuhi ni saa mbili asubuhi. Ungedhani Mtanzania hawezi kukosea. Anakosea kwa sababu mnazungumza Kiingereza. Mwenyeji anakwambia mkutane saa nne, kwa neno la Kiingereza la nne, akimaanisha saa nne ya asubuhi ya kwao na ya kwetu. Wewe, uliyezoea kubadili kila ukisikia Kiingereza, unaiweka saa kumi jioni. Mwingine naye amezoea wageni na amekwishabadili. Dawa ni kumwonyesha mishale ya saa, au kusema “baada ya masaa matatu kuanzia sasa”. Tiketi ya ndege inafuata saa za kimataifa daima. Na ukiona risiti ina mwaka ulio nyuma kwa miaka saba au minane, si kosa: kalenda yao ndiyo ilivyo, na ina miezi 13.

Ukikaribishwa kahawa nyumbani kwa mtu, tenga zaidi ya saa nzima. Buni zinakaangwa mbele yako, mwenye nyumba anapitisha moshi wake uunuse, kisha zinatwangwa na kuchemshwa kwenye birika la udongo, jebena. Inamiminwa mara tatu, abol, tona na baraka, kila mara nyepesi zaidi. Kuondoka baada ya kikombe cha kwanza ni kukata ukarimu katikati, na ile ya tatu ndiyo yenye baraka kwa jina lake. Kama ndege yako haikuruhusu, sema kabla hazijakaangwa. Kwenye chakula, mwenyeji anaweza kukutia tonge la injera mdomoni kwa mkono wake. Fungua mdomo, kubali. Ni heshima, na kulikataa kunaumiza. Jumatano na Ijumaa waumini wa Orthodoksi hawali nyama, maziwa wala mayai, kwa hiyo mikahawani utapata mboga na dengu. Kitfo ni nyama ya kusaga inayoliwa mbichi. Kama tumbo lako halijazoea, mwambie mhudumu “yebesele”, iliyoiva.

Daladala zao nyingi ni za rangi ya buluu na nyeupe, konda anaita vituo mlangoni kama kwetu. Kaa, lipa gari likishaondoka, na ukitaka kushuka sema “weraj”. Majengo ya serikali, ikulu, askari na uwanja wa ndege usipige picha kabisa.

Kuhusu vijana watakaokufuata mtaani wakijitambulisha kuwa ni wanafunzi na kukualika kwenye kahawa ya “sherehe maalumu ya leo”, soma jibu tunalompa msomaji wa Kondoa hapa chini. Yanafanana.

Tunatoka Singida kwenda Kigali kwa basi. Kuna lolote la kujua kuhusu watu wa huko?
*Wanandoa, Singida*

Mkivuka Rusumo magari yanahamia kulia. Kabla ya kuvuka barabara tazameni kushoto kwanza. Hilo ndilo linaloumiza wageni zaidi kuliko jambo lolote la kijamii. Mifuko ya plastiki hairuhusiwi, itoeni kwenye mizigo kabla ya mpaka. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa mbili hadi saa tano asubuhi, ni umuganda, kazi ya pamoja ya usafi na ujenzi. Maduka yanafungwa na usafiri unasimama, kwa hiyo msipange safari saa hizo.

Kiswahili ni moja ya lugha rasmi za Rwanda tangu 2017 na sokoni mtaelewana, ila punguzeni sauti, watu wa Kigali huzungumza kwa upole. Kula huku unatembea barabarani wanaona si adabu. Muhindi wa kuchoma kaeni chini muule. Pikipiki inabeba abiria mmoja tu, na kofia ngumu anakupa dereva. Mkiwa wawili, chukueni mbili.

Ninakwenda Istanbul kununua nguo. Rafiki yangu alikaribishwa kinywaji na mtu aliyekutana naye barabarani, akaishia kulipa fedha nyingi sana. Nitamjuaje mtu mwema na tapeli, ilhali wote wanatabasamu?
*Mfanyabiashara, Kondoa*

Kwa uso hutamjua, ndugu yetu, na usijaribu. Angalia nani amemfuata nani. Mtu uliyemchagua wewe, aliye kazini kwake na mahali pake, karibu kila mara atakusaidia bila kutaka kitu. Mtu aliyekuchagua wewe katikati ya wapita njia mia ana sababu yake. Inaweza kuwa njema, lakini mwenye kazi ya kuithibitisha ni yeye.

Kwa hiyo ukipotea, usisimame katikati ya barabara ukizungusha ramani, maana hapo unajitangaza. Ingia duka la dawa, utalitambua kwa herufi E nyekundu. Au muulize muuza simit, ile mikate ya mviringo yenye ufuta, kwenye kigari chake. Yuko pale kila siku na anaijua mitaa. Kama unaswali, uwanja wa msikiti baada ya swala ni mahali pazuri mno pa kuuliza. Mwanamume aliyekuzidi kidogo mwite “abi”, mwanamke “abla”. Ukimkuta mtu anafanya kazi, mwambie “kolay gelsin”, ni kama kumpa mtu pole na kazi, kisha ndiyo uulize. Akiinua kichwa juu na nyusi, huku ametoa sauti ndogo kwa ulimi, amekataa. Wageni huona kichwa kimesogea wakadhani ameitikia.

Ujanja uliompata rafiki yako unakwenda hivi. Mtu aliyevaa vizuri, eneo la Taksim au Sultanahmet, anakuomba kiberiti au anakuuliza saa. Anasema naye ni mgeni mjini, yuko peke yake. Mnatembea, mnazungumza, kisha anajua baa nzuri. Ndani wanakuja wasichana mezani, vinywaji vinaagizwa bila bei kutajwa, na bili inapokuja, mlangoni wamesimama wanaume wawili. Pa kuukata ni mapema: akitaja mahali, wewe taja pengine, bustani ya chai iliyo wazi, yenye bei ubaoni na familia zimekaa. Mwenye nia njema atakuja, chai ni chai. Mwingine atakumbuka ana miadi. Ujanja huohuo Guangzhou unaweza kuvaa nguo za nyumba ya chai, na Addis wa sherehe ya kahawa.

Mwingine ni wa mng'arisha viatu. Anapita mbele yako, brashi yake inaanguka kana kwamba hajaona. Unaiokota kwa wema, anashukuru mno, anasisitiza akung'arishie “bure”, halafu inaanza habari ya mtoto mgonjwa na bei kubwa. Mwite “abi!”, onyesha brashi kwa mkono, endelea na safari bila kuinama.

Haya yasikufanye ukatae kila chai. Laleli, kwenye maduka ya jumla, chai inaletwa kabla ya bei, kwenye bilauri ndogo iliyobanwa kiuno. Ni desturi ya duka na haikufungi kununua. Ukitosheka, laza kijiko juu ya bilauri, la sivyo itajazwa tena. Nguo za jumla huuzwa kwa “seri”, yaani furushi lenye saizi zote, kwa hiyo usihangaike kuomba saizi kubwa peke yake. Muulize seri ina pisi ngapi ndipo upige hesabu ya moja. Kapalıçarşı, soko kubwa la zamani, Jumapili limefungwa.

Nina miaka 67. Binti yangu ameolewa Muscat na ananiita. Sijui Kiarabu. Nitakaa kama bubu?
*Bibi, Mpwapwa*

Shikamoo, Bibi. Hutakaa kama bubu hata kidogo. Waomani wengi wenye asili ya Zanzibar na pwani wanazungumza Kiswahili nyumbani, na utakisikia sokoni usipotarajia. Kwa hiyo usimseme mtu mbele yake ukidhani haelewi.

Ukitembelewa au ukitembelea, zitaletwa tende na kahawa kwenye kikombe kidogo kisicho na mkono. Pokea kwa mkono wa kulia. Kila ukikirudisha kitajazwa. Ukitosheka, kitikise kidogo kulia na kushoto wakati wa kukirudisha, mpokeaji ataelewa. Mwanamume asipokupa mkono hajakudharau, ni staha tu; weka mkono wako kifuani umwitikie salamu.

Mtu akinisaidia ugenini, nimpe hela au zawadi? Na nibebe nini kutoka Dodoma?
*Msomaji, Nkuhungu*

Hela inategemea mji na kazi ya mtu. China bakshishi haina desturi, na mhudumu anaweza kukukimbiza barabarani akidhani umesahau chenji. Istanbul na India mikahawani watu huacha kama asilimia 10 au pungufu, kama haijaingizwa kwenye bili. Mpita njia aliyekuonyesha njia usimpe hela popote pale. Asante kwa lugha yake inamtosha, na noti inaweza kumdhalilisha. Aliyekubebea mzigo akiwa anafanya kazi hiyo ni kibarua, mlipe, na bei mpatane mwanzoni.

Zawadi ni kwa wale mliokula pamoja au waliokusumbukia zaidi ya mara moja. Zabibu zetu mbichi ziache nyumbani, maana nchi nyingi zinazuia matunda mabichi na mbegu mpakani na utanyang'anywa. Kahawa au chai ya Tanzania kwenye pakiti ya kiwandani, ambayo haijafunguliwa, inapita sehemu nyingi, lakini angalia kwanza masharti ya nchi unayokwenda. Mvinyo wa Dodoma ni zawadi ya fahari kwa anayekunywa. Uweke kwenye begi la kupakiwa, kwa sababu kwenye begi la mkononi kimiminika hakizidi mililita 100 kwa chupa. Nyumba ya Mwislamu usiupeleke.

Khanga ndiyo inayosafiri vizuri kuliko vyote. Haivunjiki, haioni joto, na doti moja unaweza kuigawa kwa watu wawili. Soma jina lake kabla ya kununua. Mwenyeji ataomba umweleze yale maandishi, na khanga yenye kijembe cha mke mwenza haielezeki vizuri mezani kwa watu. Kwa Wachina usipeleke saa ya ukutani, kwao inahusishwa na mauti, wala vitu vinne vinne, na karatasi ya kufungia isiwe nyeupe wala nyeusi. Mpe kwa mikono miwili. Akikataa mara ya kwanza na ya pili, ni adabu yake, endelea kumsihi kwa upole. Na asipoifungua mbele yako usione vibaya, ataifungua ukishaondoka.